Lori la Shibiri Mbili

Holili ni mahali ambapo magari hulazimika kusimama. Barabara itokayo Moshi kupitia Himo hufika hapa mpakani, na ng'ambo yake ni Taveta, Kenya. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa 2016, makaratasi ya nchi mbili hukaguliwa chini ya paa moja, lakini lori lenye mzigo bado halipiti bila kusubiri. Kwa dereva na tajiri wake muda ule ni hasara. Kwa mtoto mwenye kipande cha waya mkononi ni nafasi adimu, maana chombo kinachokimbia hakipimiki kwa macho, na kilichosimama huhesabika: kina ekseli ngapi, tairi ngapi kila upande, tela limeshikwa wapi na kichwa, vioo vya pembeni vimetokeza kiasi gani. Watoto wa Tanzania, mjini na kijijini, wameunda magari ya waya kwa vizazi kadhaa, na wasiopata waya wameyaunda kwa mabua ya mahindi. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kundi la watoto wanaoketi pamoja kuunda magari hayo ni chama cha waundaji mifano kwa maana kamili ya neno chama, hata kama hakina bango wala katiba. Kwamba kina namna ya kupeana ujuzi ambayo shule zetu zimeshindwa kuiga. Na kwamba mji kama Holili ungefanya jambo la maana kukipatia paa, meza na watu wazima.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaokidharau hawajakitazama kwa makini. Gari la waya la kawaida lina chesisi ya waya mnene, uliookotwa kwenye nyumba zinazojengwa au kukatwa kwenye ua wa seng'enge uliochakaa. Bodi husimamishwa juu yake kwa waya mwembamba, na kwa kuwa hakuna kulehemu, kila kiungo hufungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu au kwa kusokota waya wenyewe. Magurudumu hukatwa kwenye kandambili zilizokwisha, au huwa ni vifuniko vya makopo, au hukunjwa kwa waya na kuviringishiwa mpira. Kisha hufuata sehemu inayodai akili kuliko zote, nayo ni usukani. Fimbo ndefu ya waya hutoka kwenye ekseli ya mbele, hupanda hadi kimo cha kiuno cha mtoto na huishia kwenye duara la kushika. Mtoto hutembea nyuma ya gari akilisukuma, na anapozungusha duara lile, ekseli lazima igeuke bila kukwama kwenye chesisi, tena bila kulegea hadi gari likayumba. Kiungo hicho kimoja kina tatizo lote la usukani wa gari la kweli: kugeuka na kubeba uzito kwa wakati mmoja. Magari mengi ya kwanza huharibikia hapo, na hapo ndipo mwenye gari huwaita wenzake.

Mtoto huyo kwa kawaida hana rula. Ana vidole, kiganja na mkono, yaani ana wanda, shibiri na dhiraa, vipimo vilivyotosha kwa biashara na ufundi wa pwani kwa karne nyingi. Tuchukue basi lenye urefu wa mita 12. Akiamua gari lake liwe shibiri mbili, ambazo ni kama sentimita 45, amelipunguza takriban mara 27, na uamuzi huo mmoja unamfunga katika mengine yote: tairi lenye kimo cha mita moja linatakiwa liwe chini kidogo ya sentimita 4, kiasi cha wanda mbili. Hata asipoijua hesabu hiyo kwa tarakimu, jicho lake humwambia pale kitu kinapokuwa kikubwa mno au kidogo mno, na asipoliona yeye, mwenzake ataliona na kumwambia bila kumficha. Hata hivyo magari ya waya karibu yote huwa na magurudumu makubwa kupita uwiano wake. Watu wazima huliona hilo kuwa kosa la kitoto. Ukweli ni kwamba gurudumu la wanda mbili halivuki jiwe kwenye njia ya vumbi, na gari lisilovuka jiwe halina kazi. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo mifano yake ya vifaru hununuliwa dunia nzima, ilifika kwenye kipimo chake maarufu cha 1:35 kwa sababu ya aina hiyohiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kifaru chake kitembee, na ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya mota na betri. Kiwanda na mtoto wa kando ya barabara waliongozwa na swali moja: kitu hiki kitafanya nini kikishakamilika?

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa. Kuna watakaosema kwamba kunakili lori lililoundwa Sweden au Japani si ubunifu, na kwamba tunahitaji watoto wanaobuni vipya badala ya watoto wanaoiga vya wengine. Pingamizi hili lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. Asiyewahi kupunguza kitu hudhani kwamba kupunguza ni kurudia, kumbe kila hatua inadai uamuzi: nini kibaki na nini kiachwe, nini kifanye kazi na nini kiwe pambo. Tena kuna sheria za maumbile ambazo hazikubali kupunguzwa. Galileo alizieleza katika kitabu chake cha 1638: ukikipunguza kitu nusu kwa kila upande, uzito wake unashuka hadi sehemu ya nane, lakini eneo la mkato wa viungo vinavyoubeba linashuka hadi robo tu. Ndiyo maana lori la waya linaweza kupakiwa mawe kwa kiasi ambacho, kwa uwiano, kingelikunja lori la kweli. Mfano hauwezi kusema kweli yote kuhusu asili yake, na muundaji mzuri ni yule anayejua hasa unadanganya wapi. Wahandisi wameishi na jambo hili kwa muda mrefu. Osborne Reynolds alipojenga huko Manchester mnamo 1885 mfano wa mlango wa mto Mersey, alilazimika kuzidisha kimo kuliko upana, kwa sababu maji yakipunguzwa sawasawa na ardhi hayatiririki tena kama maji ya mto.

Naomba nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu yanagusa Mlima Kilimanjaro wenyewe. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayochukua maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha ubavuni mwa milima hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, iliwashangaza wageni wa karne ya 19, na Fidelis Masao aliandika juu yake kwa kina mnamo 1974. Iliteremshwa kwa mteremko mdogo sana, bila vyombo vya kupimia, huku maji yenyewe yakitumika kuonyesha wapi pamepanda na wapi pameshuka. Fikiria kundi la vijana likijaribu kuuunda mfongo mmoja juu ya meza ya udongo, upana wake ukiwa wa kidole. Maji yatang'ang'ania kingo, yatanywewa na udongo, yatakataa kwenda. Watalazimika kuongeza mteremko, na watakapouongeza watajiuliza wazee waliwezaje na mteremko mdogo kuliko huo. Swali hilo halipatikani kwa kusomewa habari za mifongo darasani, wala kwa kuoneshwa picha. Linapatikana kwa maji kumwagika mezani.

Sasa tufike kwenye kupeana ujuzi. Kundi la waunda magari halina mwalimu, ila lina mpangilio. Mdogo hupewa kwanza kazi ya kunyoosha waya uliopinda, baadaye magurudumu, baadaye bodi, na usukani humfikia mwishoni. Maelezo ni machache. Mkubwa huchukua koleo, hukunja mara moja, hukunjua alichokunja, hurudisha koleo na kusema, haya wewe. Kule kukunjua ndiko kiini cha mafunzo, kwa sababu fundi mwenye haraka angeacha kilichokunjwa kibaki hivyo ili kazi iende. Mfano unaruhusu anasa hiyo kwa kuwa waya ni wa kuokota na hakuna mteja anayesubiri. Katika karakana ya Himo, mwanagenzi hawezi kupewa ekseli ya lori la mtu aiharibu ili ajifunze. Atashika tochi na kuosha vipuri miezi mingi kwanza. Katika mfano kosa ni rahisi, na kwa hiyo linaweza kugawanywa kwa wote.

Watakuja walimu na kusema kwamba shule inalifanya hili tayari. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere mwaka 1967 tumesema kwamba mikono iingie darasani. Tumekuwa na somo la stadi za kazi, na Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Naiheshimu nia hiyo na sitaki kuibeza, kwani kijana wa Rombo, wilaya iliyomo Holili, anayetoka shuleni akijua kuunganisha umeme ana faida kuliko asiyejua. Lakini shule ina jambo moja inaloshindwa kuliacha, nalo ni mtihani wa mtu mmoja mmoja. Ndani ya chumba cha mtihani, kutazama kazi ya jirani ni kuigilizia, na adhabu yake inajulikana. Mtoto anayeishi miaka saba au zaidi katika utaratibu huo hujifunza kuificha kazi yake kwa mkono wa kushoto wakati anaifanya kwa mkono wa kulia. Kwenye kundi la magari ya waya, kutazama kazi ya jirani ndiyo njia yenyewe, na anayeficha usukani wake huonekana mchoyo. Hizi ni tabia mbili zinazopingana, na viwanda, karakana na hospitali vinamhitaji zaidi mtu wa tabia ya pili. Kwa sababu hiyo nadhani chama cha mifano kisiwekwe chini ya somo lolote, wala kisitoe vyeti. Kikishaanza kutoa alama, mkono wa kushoto utarudi kufunika.

Ushahidi kwamba vyama vya namna hii huzaa makubwa haupatikani kwenye michezo ya watoto peke yake. Mwaka 1946, katika chuo cha MIT kule Marekani, wanafunzi walianzisha chama cha kuunda reli ndogo na treni zake. Baadhi yao walipendezwa na mabehewa na mandhari. Wengine walizama chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za simu zilizoongoza treni. Hao wa chini ya meza ndio waliokuwa wa kwanza kuing'ang'ania kompyuta ya PDP-1 ilipofika chuoni mwaka 1961, na mwaka uliofuata mchezo wa kompyuta wa Spacewar! ulitokea mikononi mwa kundi ambalo baadhi yake walitoka katika chama kile. Waliichukulia programu kama walivyoichukulia reli: unaiacha mezani ili anayefuata aiboreshe. Sidai kwamba Holili itazaa kompyuta. Nadai kwamba desturi ya kuacha kazi yako wazi mbele ya mwenzako inahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na kwamba treni ndogo zilikuwa mahali pazuri pa kuizoea.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Magari ya waya, tunaambiwa, ni alama ya kukosa: mzazi angekuwa na fedha angenunua gari la plastiki sokoni, na mtoto angelifurahia. Anayeyasifu anasifu ufukara wa wengine. Nalikubali pingamizi hili kwa nusu. Ni kweli kwamba wengi huanza kuunda kwa sababu hawana cha kununua, na ni kweli kwamba mtoto anastahili kuwa na koleo nzuri badala ya kukunja waya kwa meno. Lakini tazama kinachotokea mahali ambako fedha zipo. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa mfano wake wa kwanza wa kuunganisha mwaka 1949, nao ulikuwa trekta la Ferguson, na tangu hapo watu wazima wenye mishahara wamelipa ili wapewe vitu ambavyo havijakamilika. Wangeweza kununua vilivyokwisha kuundwa. Kinachowavuta ni kuunda, na wengi wao hujiunga na vyama ili wawe na wa kumwonyesha na wa kumuuliza. Umaskini ndio unaompa mtoto wa Rombo sababu ya kuanza, lakini hauwezi kuwa sababu pekee ya kuendelea hadi jioni akirekebisha kitu ambacho tayari kinatembea. Na kama plastiki inakuja, na kwa hakika imekwisha kuja, basi kile kilichokuwa kinatokea chenyewe hakitaendelea kutokea bila watu kukikusudia. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na chama.

Kuna pia neno la mafundi wenyewe, ambalo wasomi hulipuuza kirahisi: ujuzi ni mkate, na anayeugawa anagawa mkate wake. Historia ya ukanda huu inawapa haki ya kusema hivyo. Katika Ugweno, kule Upare, uhunzi ulikuwa wa ukoo wa Washana, na kwa kuushika ukoo ule uliwahi kushika hata utawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Chuma cha Ugweno kilipanda hadi Uchaggani. Siri ililinda heshima na riziki. Lakini siri hiyohiyo ina udhaifu wake: ujuzi unaokaa kwa wachache huondoka haraka soko linapogeuka. Mifongo ilikuwa kinyume. Kila aliyetumia maji aliwajibika kushiriki kuuchimba na kuusafisha mfongo, na asiyefika alitozwa. Kwa hiyo maarifa ya mteremko na mabwawa yaligawanyika kwa watu wengi, na mifongo mingi bado inapitisha maji leo. Nao mtepe wa visiwa vya Lamu, chombo cha baharini kilichounganishwa kwa kushonwa kwa kamba za usumba na kuvutwa na tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sehemu ya tunayoyajua juu ya umbo lake imetoka katika mifano midogo iliyoundwa na watu waliowahi kuiona mitepe ya kweli. Mwaka 2003 mtepe mzima uliundwa upya na kuwekwa katika makumbusho ya Beit el-Ajaib, Zanzibar. Mifano ile ilipoundwa haikumnyima fundi yeyote riziki. Naamini hapo pana njia ya kupita kati ya mkate na ukarimu: fundi wa springi hawezi kumfundisha kila mtu kazi yake karakanani kwake, lakini anaweza kukaa Jumamosi moja mbele ya lori la shibiri mbili na kueleza kwa nini ekseli ya nyuma inafungwa vile. Sharti ni kwamba mifano isiuzwe. Siku ikianza kuuzwa kwa watalii wanaopanda mlima, siri itarudi, na itakuwa na haki ya kurudi.

Na wasichana? Magari ya waya yamekuwa mchezo wa wavulana, na chama kitakachorithi desturi hiyo bila kuigusa kitakuwa nusu chama. Wasichana nao wanapunguza vitu kila siku: katika mchezo wa baba na mama kuna jiko, vyungu, vitanda, nyumba yenye vyumba na mlango wake, vyote kwa kimo cha mwanasesere. Nyumba ile na lori lile hukutana mara chache kwa sababu hazina kipimo kimoja. Kazi ya kwanza ya chama ingeweza kuwa hiyo: kuchagua uwiano mmoja, tuseme 1:27 ya shibiri mbili, na kuunda kwa uwiano huo kituo cha mpaka, vibanda vya mama lishe, nyumba, malori na bodaboda, ili kila anayekosea kipimo agundulike na jirani yake mezani.

Gharama yake si kubwa. Inahitajika meza imara, koleo tatu au nne, mkasi wa bati, waya uliobaki kwenye ujenzi, na mtu mzima wa kushika ufunguo. Huyo mtu mzima ndiye muhimu kuliko vifaa, kwa sababu kundi la watoto lina kasoro moja ambayo haliwezi kujiponya lenyewe. Mtoto huacha magari anapovuka utoto. Anayemfuata ni mdogo wake kwa miaka miwili au mitatu, amejifunza alichobahatika kukiona, na yaliyobaki hupotea. Kila kizazi cha watoto huuvumbua usukani upya. Mtu mzima anayebaki anaweza kukumbuka. Ningependa chama hicho kiwe na rafu, na kwenye rafu hiyo magari mazuri yawe machache. Nafasi kubwa yapewe yaliyovunjika: ekseli iliyokatika, chesisi iliyopinda kwa mzigo wa mawe, mfongo ambao maji yaliukataa, kila kimoja kikiwa na karatasi inayosema kiliundwa na nani, kilivunjika kikifanya nini, na mwenzake alipendekeza nini.